GALCIT: Maabara Iliyodumu Kuliko Mashine Zake

Mwaka 2026 unatimiza karne moja tangu zilipotolewa fedha za kuasisi maabara ya anga ya Taasisi ya Teknolojia ya California, mjini Pasadena, maabara ambayo wahandisi wa ndege duniani kote wanaijua kwa ufupisho wake wa GALCIT. Wanaosimulia historia yake hupenda kuanza na mashine: handaki kubwa la upepo lililopima ndege za Douglas, roketi za kwanza zilizowashwa katika korongo la Arroyo Seco, bomba la chuma linalorusha hewa kwa kasi ya kilomita kadhaa kwa sekunde. Mashine hizo zinastahili sifa, lakini nyingi kati yake hazipo tena. Zimebomolewa, zimeuzwa au zimefungwa, na bado maabara ipo na bado inasomwa. Kilichodumu ni vitu viwili: ufahamu wa namna hewa inavyotenda inapokwenda kasi na inapotibuka, na watu waliofundwa kuuliza swali jipya juu ya jambo hilo. Hoja ya makala haya ni kwamba vitu hivyo viwili ndivyo kazi halisi ya maabara ya chuo kikuu, na kwamba mara nyingi vilitoka katika majaribio madogo ya wanafunzi na walimu wao, wala si katika mitambo iliyopigwa picha magazetini.

Ili kuipima kazi hiyo kwa haki, inafaa kujua ugumu wa jambo lenyewe. Moshi wa udi hupanda ukiwa mstari mmoja ulionyooka, kisha ghafla huvunjika ukawa visulisuli visivyo na mpangilio. Hewa iliyo juu ya bawa la ndege hufanya vivyo hivyo. Mwaka 1883, huko Manchester, Osborne Reynolds alipitisha rangi ndani ya maji yaliyokuwa yakipita katika mrija wa kioo, akaonyesha kwamba kuvunjika huko hutegemea namba moja, iitwayo leo namba ya Reynolds, inayounganisha kasi, ukubwa wa chombo na unato wa maji. Miaka michache baadaye, huko Prague, Ernst Mach alifanikiwa kupiga picha za risasi inayoipita sauti na wimbi la mshtuko linaloitangulia. Kwa muda mrefu mambo haya mawili, yaani msukosuko wa hewa na kasi kubwa, yalifundishwa kama masomo mbalimbali. Aliyeshughulika na msukosuko alifikiria mabomba, mito na upepo. Aliyeshughulika na kasi alifikiria risasi na mizinga. Mchango mkubwa wa maabara ya Pasadena ulikuwa kuthibitisha, jaribio baada ya jaribio, kwamba hayo ni somo moja.

Mwanzo wake ulikuwa wa fedha na wa siasa. Januari 1926 Daniel Guggenheim, tajiri wa migodi, alianzisha mfuko wa kuendeleza urubani akiutengea dola milioni 2.5. Robert Millikan, mwanafizikia aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel mwaka 1923 na aliyekuwa akiiongoza taasisi ya Pasadena, alijua kwamba kusini mwa California kulikuwa kunaota viwanda vya ndege, na kwamba viwanda hivyo vilihitaji watu na vipimo. Aliupata msaada wa takribani dola 300,000, zikatosha kujenga jengo, handaki la upepo na kuajiri walimu. Lakini Millikan alitaka zaidi ya jengo. Mwaka huohuo alimwalika Theodore von Kármán, mzaliwa wa Budapest aliyekuwa akiongoza taasisi ya aerodinamiki huko Aachen, Ujerumani, aje kushauri juu ya mpango wa handaki. Kármán alishauri, akarudi Ulaya, na hatimaye mwaka 1930 akahamia Pasadena na kuwa mkurugenzi. Chuki dhidi ya Wayahudi iliyokuwa ikipanda Ujerumani ilimfanya asione sababu ya kubaki. Millikan alikuwa amenunua mitambo kwa fedha za Guggenheim. Kwa Kármán alipata kile ambacho fedha peke yake hazinunui, yaani desturi ya kufikiri.

Desturi hiyo ilionekana mwaka uleule wa 1930. Kármán alichapisha hoja fupi kuhusu kasi ya hewa au maji karibu na ukuta pale mkondo unapokuwa umetibuka. Hakuwa na nadharia kamili ya msukosuko, na hadi leo hakuna aliye nayo. Alichofanya ni kuuliza: ikiwa visulisuli vya sehemu moja vinafanana kwa umbo na visulisuli vya sehemu nyingine, vikitofautiana kwa ukubwa tu, kasi ya wastani itabadilikaje kadiri tunavyouacha ukuta? Jibu lilikuwa kanuni ya logi, yenye namba moja inayokaribia 0.4 ambayo leo inaitwa kwa jina lake. Kanuni hiyo haikuhitaji handaki kubwa. Ilihitaji vipimo makini vya mabomba vilivyokuwa vimekwisha kufanywa Ujerumani na akili iliyovisoma upya. Karibu karne moja baadaye wahandisi bado wanaitumia kukadiria ukinzani wa mabomba, msuguano juu ya ndege na kasi ya upepo kutoka ardhini kwenda juu. Ni vigumu kuutaja mtambo wowote wa mwaka 1930 ambao bado unafanya kazi kila siku namna hiyo.

Hapa atatokea msomaji wa kupinga, na pingamizi lake lina uzito: je, si handaki la upepo lililoipa GALCIT jina? Handaki hilo lilikuwa na kipenyo cha futi 10, yaani karibu mita 3, na lilisukuma hewa kwa kasi iliyokaribia kilomita 320 kwa saa. Kampuni ya Douglas ya Santa Monica ilipeleka humo vielelezo vya ndege yake ya DC-1, iliyoruka kwa mara ya kwanza Julai 1933, na mrithi wake DC-3 akaruka Desemba 1935. Katika handaki hilo zilitafutwa dawa za kasoro za uthabiti, na pia ilipimwa ile kona iliyojazwa kwa mviringo kati ya bawa na kiwiliwili cha ndege ili hewa isitibuke pale na kuutikisa mkia. DC-3 iliubadilisha usafiri wa abiria duniani, na sisi wa Afrika Mashariki tuliiona kwa macho yetu: Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanzishwa mwaka 1946, liliirusha ndege hiyo, kwa jina la Dakota, kati ya miji ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Basi kwa nini tuseme mashine haikuwa kiini?

Jibu ni kwamba handaki lenyewe lilikuwa likidanganya, na thamani ya maabara ilikuwa katika kuujua uongo huo. Hewa ndani ya handaki haitulii kama hewa ya angani. Feni, kona na kuta huitibua, na utibukaji huo hubadilisha mahali ambapo mkondo juu ya bawa huacha kuwa tulivu, hivyo kubadilisha nguvu ya kuinua inayopimwa. Clark Millikan, mwana wa Robert, pamoja na Arthur Klein, walilichunguza jambo hilo na mwaka 1933 wakachapisha uchambuzi wa athari za msukosuko, wakilinganisha vipimo vya mahandaki na vya ndege iliyo angani. Kiwanda kinachotaka namba kingeridhika na namba. Chuo kilitaka kujua namba hiyo inaaminika kwa kiasi gani na kwa sababu ipi. Handaki la futi 10 lilitumika kwa zaidi ya nusu karne, kisha likaondolewa mwishoni mwa miaka ya 1990. Swali la namna msukosuko wa handaki unavyoharibu vipimo halikuondoka nalo. Kila anayejenga handaki jipya leo huanza kwa kulijibu.

Kabla ya vita kuu ya pili, maabara ilizaa kitu ambacho hakuna kiwanda wala wizara iliyokiagiza. Frank Malina, mwanafunzi wa uzamivu, aliomba aruhusiwe kuandika tasnifu kuhusu roketi wakati wasomi wengi walizihesabu kuwa mambo ya hadithi za vijana. Kármán alikubali. Tarehe 31 Oktoba 1936 Malina na wenzake walijaribu injini yao ya kwanza katika korongo la Arroyo Seco. Kundi hilo la wanafunzi na mafundi wa kujitolea lilikuja kuwa, kufikia mwaka 1944, taasisi ya pekee, JPL (Maabara ya Mwendo wa Jeti), ambayo ilitengeneza Explorer 1 iliyorushwa Januari 1958, satelaiti ya kwanza ya Marekani. Mtoto alimpita mzazi kwa ukubwa mara nyingi. Lakini mzazi hakubadili tabia: aliendelea kuwa maabara ya ukubwa wa wastani, yenye walimu wachache na wanafunzi wengi wa uzamivu, na yenye swali lilelile la hewa.

Vita vililifanya swali hilo kuwa la haraka. Ndege za kivita zilipoikaribia kasi ya sauti zilianza kutetemeka na kukataa usukani, na hakuna aliyejua kwa hakika sababu yake. Fedha za jeshi zilimiminika Pasadena. Hans Liepmann, kijana aliyezaliwa Berlin mwaka 1914, akapata shahada ya uzamivu Zürich na kuwasili GALCIT mwaka 1939, alipewa jukumu la kuutazama mkondo wa karibu na kasi ya sauti. Wengine wangeomba handaki kubwa zaidi. Yeye alitumia handaki dogo na vielelezo rahisi, akaangalia kitu kimoja tu: nini hutokea pale wimbi la mshtuko linapokutana na tabaka jembamba la hewa linalogusa bawa. Katika taarifa yake ya mwaka 1946 alionyesha kwamba umbo la wimbi la mshtuko linategemea hali ya tabaka hilo. Tabaka likiwa tulivu ni dhaifu. Shinikizo hupenya ndani yake kwenda kinyume cha mkondo, hewa huanza kubanduka mapema, na mguu wa wimbi hugawanyika. Tabaka likiwa limetibuka lina nguvu ya kustahimili, na wimbi husimama mkali na wima. Huko Zürich, Jakob Ackeret na wenzake walifikia matokeo hayohayo wakati uleule.

Matokeo hayo ndiyo yanayoufunga ushahidi wa hoja kuu. Unene wa tabaka hilo juu ya bawa hupimwa kwa milimita, na bado ndilo linaloamua mwenendo wa wimbi linaloweza kuishusha ndege. Msukosuko haukuwa tena jambo la wahandisi wa mabomba, wala kasi ya sauti haikuwa tena jambo la wapiga mizinga. Tena kulikuwa na funzo la papo kwa papo: kielelezo kidogo katika handaki huwa na tabaka tulivu, wakati ndege kamili huwa na tabaka lililotibuka, hivyo vipimo vya kielelezo vingeweza kumpoteza mbunifu kabisa asipolitibua tabaka hilo kwa makusudi. Hakuna kiasi cha nguvu za umeme kilichoongezwa kwenye feni ambacho kingelifichua jambo hili. Lilifichuliwa na mtu aliyebadilisha sharti moja na kuyaacha mengine yote yalivyo, na huo ndio ufundi ambao chuo kikuu kipo ili kuufundisha.

Ufundi huo ulisafiri na watu. Satish Dhawan kutoka India alifanya uzamivu chini ya Liepmann, akaumaliza mwaka 1951. Kazi yake ilikuwa kupima msuguano wa hewa juu ya uso bapa moja kwa moja, kwa kukiacha kipande kidogo cha uso huo kielee peke yake na kupima nguvu inayokisukuma, kwa kasi zilizo chini na zilizo juu ya sauti. Awali ya hapo msuguano huo mara nyingi ulikisiwa kwa njia za kuzunguka. Dhawan alirudi Bangalore, akajenga handaki dogo la hewa iliyoipita sauti katika Taasisi ya Sayansi ya India, akawa mkurugenzi wa taasisi hiyo kuanzia 1962 hadi 1981, na kati ya 1972 na 1984 akaliongoza shirika la anga la India. Kituo cha kurushia roketi cha Sriharikota leo kina jina lake. Hakubeba mashine ya Pasadena kwenda nayo nyumbani. Alibeba namna ya kulichagua swali linaloweza kujibiwa kwa kifaa ulicho nacho, na kwa nchi iliyokuwa changa na yenye fedha chache hilo lilikuwa na faida kuliko mashine.

Yupo pia Qian Xuesen kutoka China, mwanafunzi wa Kármán aliyehitimu mwaka 1939 na ambaye mwaka 1946 aliandika juu ya kanuni za mkondo unaoipita sauti kwa mbali, mara 5 na zaidi. Mwaka 1950 serikali ya Marekani ilimshuku kuwa mkomunisti, ikamnyima ruhusa ya kazi za siri, ikamzuia kwa miaka mitano na hatimaye mwaka 1955 ikamwachia aende China. Huko akawa kiongozi wa mpango wa makombora. Historia za sherehe huipita habari hii kwa haraka, lakini nayo inathibitisha hoja ileile kwa upande wake mchungu. Taifa lililozilinda mashine zake kwa walinzi na mihuri lilimfukuza mtu, na maarifa yakaenda na mtu.

Mfano ulio bora wa namna mashine na swali vinavyopaswa kuhusiana ni wa Anatol Roshko, mzaliwa wa Alberta, Kanada. Karibu na chuo palikuwa na handaki la ushirika lililomilikiwa na makampuni ya ndege ya kusini mwa California na kuendeshwa na wataalamu wa chuo tangu mwaka 1945. Lilikuwa kubwa, lenye hewa ya kushindiliwa, na kazi yake ilikuwa kupima ndege za makampuni hayo. Kabla halijafungwa mwaka 1960, Roshko aliweka humo kitu ambacho hakuna kampuni iliyokiuza: mcheduara wa kawaida, nguzo tupu. Ilijulikana tangu Kármán alipoieleza mwaka 1911 kwamba nguzo iliyosimama katika mkondo huacha nyuma yake safu mbili za visulisuli vinavyopokezana. Iliaminika pia kwamba mpangilio huo hupotea kasi ikizidi sana. Roshko aligundua kwamba ukiendelea kupanda, namba ya Reynolds ikivuka takribani milioni 3.5, visulisuli hurudi vikiwa na mdundo wao. Taarifa yake ya mwaka 1961 bado inasomwa na wanaojenga madaraja, mabomba ya moshi na mitambo ya mafuta ya baharini. Vipimo vya ndege vilivyolipia handaki lile vimebaki kwa wenye kumbukumbu za viwanda.

Miaka kumi na mitatu baadaye Roshko na Garry Brown, msomi kutoka Australia, walitoa taarifa iliyobadilisha fikra za fani nzima. Swali lao lilitoka katika kasi kubwa: mikondo miwili ya hewa yenye kasi tofauti inapokutana, eneo la mchanganyiko hupanuka, lakini mikondo ikiipita sauti, eneo hilo hupanuka kidogo sana. Wengi walidhani sababu ni tofauti ya uzito wa hewa. Ili kulipima hilo peke yake, Brown na Roshko walikutanisha heli na nitrojeni, gesi zinazotofautiana uzito mara 7, kwa kasi ya chini ambapo sauti haina nafasi katika hesabu. Walipata majibu mawili. La kwanza, tofauti ya uzito haitoshi kueleza kupungua kule. Lazima sababu iwe kushindilika kwa hewa kwenyewe. La pili hawakulitafuta: picha zao za vivuli zilionyesha kwamba ndani ya kile kilichoitwa vurugu tupu mlikuwa na visulisuli vikubwa vilivyopangika, vikisafiri pamoja na kuungana. Wapo waliosema hayo ni mabaki tu ya hali ya utulivu, na kwamba yangetoweka namba ya Reynolds ikipanda. Majaribio yaliyofuata, mengine yakiwa ya GALCIT yenyewe, yalivikuta visulisuli hivyo hata pale.

Mwaka 1988 Dimitri Papamoschou na Roshko walikamilisha upande wa kasi. Badala ya kupima kila mkondo kwa jicho la mtu aliyesimama nje, waliupima kwa jicho la kisulisuli kinachosafiri nao, wakaulinganisha mwendo huo na kasi ya sauti. Kwa kipimo hicho vipimo vya gesi mbalimbali vilikaa karibu katika mstari mmoja, na vikaonyesha kwamba mwendo huo ukiipita sauti, upanukaji hushuka hadi takribani moja ya tano ya ule wa kawaida. Hili si jambo la vitabuni tu. Katika injini ya ndege inayoipita sauti mara nyingi, kama ile ya X-43A iliyokaribia mara 10 ya kasi ya sauti Novemba 2004, mafuta na hewa vina sehemu ndogo mno ya sekunde ya kuchanganyika kabla ya kutoka nyuma. Mbunifu asiyejua kwamba mchanganyiko hupungua hivyo atajenga injini isiyowaka.

Wakosoaji wa haki watakumbusha kwamba wakati mwingine swali haliwezi kuulizwa kabisa bila mashine kubwa, na wako sahihi. Mtambo wa T5, ulioanza kazi mapema katika miaka ya 1990 chini ya Hans Hornung, ni wa namna hiyo. Pistoni nzito hurushwa ndani ya bomba refu, hushindilia gesi, na wimbi la mshtuko huipasha hewa hadi nyuzi elfu kadhaa kisha kuirusha kwa kilomita kadhaa kwa sekunde, kwa muda wa milisekunde moja au mbili. Lakini tazama kilichoipa T5 heshima. Hornung na wanafunzi wake waliweka humo koni ya kawaida na kubadilisha gesi. Waligundua kwamba katika kaboni dioksidi tabaka hubaki tulivu kwa umbali mrefu zaidi kuliko katika hewa, kwa sababu molekuli za gesi hiyo zinapotikisika hunyonya nguvu za mawimbi ya sauti ambayo yangelitibua. Ni jibu lenye maana kwa vyombo vinavyoingia anga ya Mars, ambayo karibu yote ni gesi hiyo. Mashine ilihitajika, lakini koni na gesi mbili ndizo zilizosema.

Pingamizi zito zaidi ni la asili ya fedha. Utajiri wa akina Guggenheim ulitoka katika migodi, na mtaji wao ulikuwa miongoni mwa mitaji iliyounda kampuni ya Forminière mwaka 1906 katika Kongo ya Mfalme Leopold. Baada ya hapo fedha za jeshi zilichukua nafasi ya fedha za migodi, na mengi yaliyojulikana Pasadena yalitumika kutengeneza makombora. Hakuna maneno ya sherehe yanayoweza kulifuta hilo, na anayeiandika historia ya taasisi hii bila kulitaja anaandika tangazo. Hata hivyo, ni kosa kuhitimisha kwamba mfadhili aliamua matokeo. Taarifa ya Liepmann, kipimo cha Dhawan na picha za Brown na Roshko vilichapishwa wazi, na ndiyo maana vilitumika Bangalore na kwingineko na wahandisi wa ndege za abiria. Pale siri ilipotawala, kama katika kesi ya Qian, hasara ilikuwa ya sayansi na pia ya taifa lililoificha. Dhamana ya chuo dhidi ya mfadhili wake ni uhuru wa kuchapisha, na taasisi inayoubadilisha uhuru huo kwa mkataba inauza kitu pekee kinachoitofautisha na kiwanda.

Pingamizi la mwisho ni la kompyuta: kama milinganyo ya mwendo wa hewa inajulikana tangu karne ya 19, kwa nini tusiikokotoe tu na kuachana na mahandaki? Kwa mikondo midogo hufanyika hivyo, na kwa mafanikio. Lakini gharama ya kukokotoa kila kisulisuli hupanda takribani kwa mchemraba wa namba ya Reynolds, maana yake kuizidisha namba hiyo mara 10 ni kuizidisha kazi mara 1,000. Ndege nzima iliyo angani bado iko mbali na uwezo wa kompyuta yoyote kwa njia hiyo. Kwa hiyo wakokotoaji huweka makadirio mahali pa visulisuli vidogo, na makadirio hayo hupimwa kwa majaribio. Kanuni ya Kármán ya mwaka 1930 imo ndani ya programu nyingi kati ya hizo. Kompyuta haijalimaliza swali la msukosuko. Imeongeza idadi ya watu wanaohitaji jibu lake.

Basi hukumu ya karne hii ni ya namna gani? Msukosuko haujatatuliwa, na mtu anayepima maabara kwa matatizo iliyoyafunga ataiona GALCIT imeshindwa. Kipimo hicho si sahihi. Kabla yake, wahandisi walikuwa na masomo mawili yasiyosalimiana. Leo hakuna anayebuni bawa, injini au chombo cha anga bila kuuliza kasi inautendea nini msukosuko, na msukosuko unaitendea nini kasi. Hayo yalipatikana kwa kipande cha uso kilichoelea, nguzo tupu, chupa za heli na nitrojeni, na koni. Wakuu wa vyuo vyetu vya Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na kwingineko, wanaoambiwa kila mwaka kwamba utafiti wa kweli utaanza siku mitambo mikubwa itakaponunuliwa, waisome historia hii kwa makini. Mitambo inunuliwe pale fedha zinapokuwapo, lakini kwanza apatikane mwalimu mwenye swali, apewe wanafunzi wa uzamivu, apewe muda, na aruhusiwe kuchapisha alichokiona.